Huzuni ni ya Nani? Maoni Kuhusu Tafsiri ya Kielezi 'Sadly'

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na kielezi cha Kiingereza 'sadly', aghalabu huandika 'kwa huzuni' na kuendelea na kazi yake. Maoni haya mafupi yanadai kwamba mazoea hayo hupotosha maana, na pengine ukweli wenyewe.

Kielezi hiki kina angalau matumizi matatu. Kwanza, hueleza namna ya kutenda: katika 'she smiled sadly' huzuni ni ya anayetabasamu, na 'alitabasamu kwa huzuni' ni tafsiri sahihi. Pili, hutia mkazo: 'sadly mistaken' ni kukosea vibaya sana, na huenda mkosaji mwenyewe hana huzuni yoyote. Tatu, hutangulia sentensi nzima na kudokeza msimamo wa msemaji: 'Sadly, the patient died'. Hapo ndipo penye mtego. Tukiandika 'Kwa huzuni, mgonjwa alifariki', tunamtwika marehemu huzuni isiyokuwa yake.

Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Kitenzi 'sikitika' kinapochukua kiambishi cha nafsi humtaja mwenye huzuni: 'tunasikitika kutangaza'. Kauli ya kusababisha, 'inasikitisha kwamba', huliweka jambo lenyewe kuwa chanzo cha huzuni. Kiingereza nacho hutofautisha 'regretfully' na 'regrettably', lakini 'sadly' hubeba mizigo yote miwili.

Wapo watakaosema kwamba 'kwa bahati mbaya' inatosha. Tunakubali kwamba usemi huo umekwisha kuzoeleka mwanzoni mwa sentensi, wala haumsingizii mtu hisia. Hata hivyo, una hatari yake: hulifanya tukio kuwa la nasibu. Habari isemayo 'Kwa bahati mbaya, wanakijiji waliuawa' huwapunguzia wauaji lawama, ilhali mauaji ya kukusudia si suala la bahati. Hapo 'inasikitisha kwamba' hutunza huzuni bila ya kuficha kosa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mfasiri ajiulize maswali mawili kabla ya kuandika: ni nani anayehuzunika, na je, jambo lenyewe lilitokea kwa nasibu? Watunga kamusi nao wayatenge matumizi hayo matatu, kila moja na mfano wake, badala ya kutoa kisawe kimoja. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua huzuni anayoisoma ni ya nani.