Lipa Fundi Atazame, Usimlipe Abahatishe

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo naweka pembeni kantangaze na mbolea, nazungumzia pikapu. Anayeshangaa afisa ugani anahusika nini na injini akaangalie nyanya zilizopondeka kwenye matenga zikisubiri gari lililozima njiani. Hasara ile haibaki kwa mchuuzi. Akikosa soko la alfajiri, wiki inayofuata anakuja shambani kwako na bei ya chini.

Nasema wazi: gari la zamani halizimi kwa sababu ni la zamani. Linazima kwa sababu kuna kitu kimekosekana, mafuta, cheche au hewa, na hakuna aliyekaa chini kukitafuta. Wa kwanza kulaumiwa si fundi. Ni sisi wenye magari.

Kuna mfanyabiashara mmoja hupakia vitunguu Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa. Pikapu yake ya petroli, ya kabureta, ilikuwa inazima katikati ya mlima Kitonga karibu kila safari. Akisubiri dakika kumi na tano inawaka. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akasema koili. Wa tatu akafunga kabureta ya mtumba. Laki tatu na ushee zikaenda, na gari likaendelea kuzima palepale. Siku niliyopanda naye likazima tena, nikamwomba afungue mfuniko wa tanki. Tukasikia tanki likivuta hewa kwa mlio. Chini ya mfuniko kulikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki, alikiweka mwenyewe masika ili maji yasiingie. (Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini hilo tuliache.) Petroli ilikuwa inatoka, hewa haiingii kujaza nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, gari linawaka, nawe unasema "ilikuwa joto tu". Tulichomoa plastiki kwa vidole, tukafika.

Sasa kwa nini mafundi watatu hawakufungua mfuniko? Kwa sababu hakuna anayewalipa kufungua mfuniko. Fundi akikagua saa nzima, akaona tatizo ni waya uliolegea, akakuomba elfu kumi, unamjia juu: "Umefanya nini? Si umeangalia tu!" Lakini akikuletea spea ndani ya boksi, unalipa mara tano bila kelele. Basi na yeye anakuuzia kile unachokubali kununua. Shambani tunafanya yaleyale. Nyanya zinanyauka, mtu anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya wadudu, wakati angekata shina akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi angeona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya.

Utaniambia mafundi wengine ni matapeli. Ni kweli, wapo. Ila tapeli anakupenda sana ukifika gereji na maneno mawili: "gari linazima". Linazimaje? Hapo ndipo kazi ilipo, na kazi hiyo ni yako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani.

Likikata ghafla na taa za dashibodi zikafa pamoja nalo, anza na temino za betri na waya unaoshika kwenye bodi. Likikata ghafla baada ya injini kupata moto, taa zipo, na linakubali kuwaka likishapoa tu, koili inashukiwa kwa haki, lakini cheche ipimwe palepale likiwa limegoma, si kesho yake likiwa baridi. Likianza kupoteza nguvu mlimani, likakohoa, ndipo likazima, hilo ni la mafuta: mfuniko, filta, pampu, uchafu wa tanki. Likizima tu unapoachia mafuta kwenye tuta au kona, sikiliza kwenye mipira midogo ya hewa karibu na kabureta, uliopasuka mara nyingi unapiga mluzi.

Na petroli ya chupa za barabarani tusemezane ukweli. Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, mbali na moto na sigara, iache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini utayaona. Mafuta ya taa hayajitengi, kwa hiyo chupa haitakusaidia kuyatambua. Ukiweza kufika kituoni, jaza kituoni.

Msidhani nagombana kwa ajili ya hela tu. Breki za pikapu nyingi zinasaidiwa na mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizima, unabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiwa na magunia nyuma na mteremko mbele, usipige breki mara nyingi nyingi. Kanyaga mara moja kwa nguvu, shikilia, vuta breki ya mkono, ingiza gia, weka jiwe kwenye tairi. (Ukiondoka, liondoe. Mwenye bodaboda ajaye usiku halioni.)

Kwa hiyo safari ijayo, kabla boneti halijafunguliwa, kubalianeni kwanza hela ya ukaguzi, nayo ilipwe hata kama spea haikununuliwa. Fundi akisema ni koili, mwambie akuonyeshe kwamba cheche haipo. Akishindwa kukuonyesha, mpe hela yake ya ukaguzi, mshukuru, na koili usinunue.