Mashine Husoma Namba, Bei Tuisome Sisi

Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa tulikwenda kwenye duka kubwa la kujihudumia. Mkononi tulikuwa na karatasi ya mahitaji: sukari, majani ya chai, sabuni ya unga, dawa ya meno na daftari kumi na mbili. Tulipita kwenye rafu tukijumlisha kichwani, kama afanyavyo kila mama anayejua kuwa fedha aliyo nayo haina nyongeza. Kwenye kaunta binti wa keshia alituamkia vizuri, kisha akapitisha bidhaa moja moja mbele ya kile kioo chenye mwanga mwekundu. Mashine ikalia ti, ti, ti. Tukalipa, tukabeba vikapu vyetu, tukaondoka.

Tulipofika nyumbani hesabu haikukubali. Fedha tuliyoiwekea nauli ya mtoto ilikuwa imepungua. Tulikaa mezani na risiti tukaisoma mstari kwa mstari. Majani ya chai, ambayo kwenye rafu yaliandikwa shilingi 3,500, yalikuwa yametozwa shilingi 4,200, nasi tulichukua pakiti mbili. Sabuni nayo ilizidi kwa shilingi 800. Jumla shilingi 2,200.

Tulirudi dukani. Msimamizi alikwenda kuangalia rafu, akarudi ametahayari. Bei mpya zilikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta siku iliyotangulia, lakini karatasi za rafuni zilisahauliwa. Aliturudishia fedha yetu yote. Yule binti akatuambia kwa unyonge, "Nisamehe mama, mimi ninapitisha tu. Bei sizijui."

Maneno yake tuliyabeba hadi nyumbani, maana ni kweli tupu. Keshia hazijui bei, na hata mashine iliyo mbele yake haizijui. Akina mama wengi tunadhani ile mistari myeusi na myeupe kwenye pakiti ndiyo bei yenyewe. Sivyo. Mwezi huu tuzungumze juu ya alama hiyo, kwa kuwa fedha ya nyumba zetu inapita hapo.

Mistari ile inasema nini?

Chukua pakiti yoyote iliyo jikoni kwako uitazame. Chini ya mistari utaona tarakimu, mara nyingi 13. Mashine humulika mistari hiyo. Sehemu nyeusi humeza mwanga na sehemu nyeupe huurudisha, na kwa kufuata unene wa mistari na nafasi zake mashine hupata zile tarakimu. Tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Hesabu isipolingana, mashine hukataa kulia, na keshia hujaribu tena au huandika namba kwa mkono. Kwa hiyo ni nadra sana mashine kusoma sabuni ikadhani ni sukari.

Lakini namba ni jina tu la bidhaa. Mashine ikiisha kuisoma, kompyuta ya duka hutafuta bei iliyoandikwa mbele ya jina hilo. Bei hiyo iliandikwa na mtu. Mtu huyo akikosea au akichelewa, au mwenzake akisahau kubadilisha karatasi ya rafuni, mashine itatoza kosa lile lile kwa kila mteja, siku nzima, bila kuona haya.

Yako mambo mawili ya kuongeza hapa. La kwanza, nyama, jibini au mboga zilizopimwa na kufungwa dukani mara nyingi hubandikwa alama inayoanza na tarakimu 2, na hiyo huweza kubeba bei au uzito ndani yake. Hapo la kuangalia ni mizani na bei ya kilo. La pili, mistari hii ya kawaida haina tarehe. Maziwa yaliyopitwa na wakati jana yatalia ti kama yale ya leo asubuhi. Mashine haitamwokoa mtoto wako na tumbo la kuhara. Macho yako ndiyo yatakayomwokoa.

Ilianzaje?

Mwaka 1948, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, mkubwa mmoja wa maduka ya vyakula alikiomba chuo cha Drexel kitafute njia ya kutambua bidhaa haraka kwenye kaunta. Vijana wawili, Bernard Silver na Norman Joseph Woodland, walilishika jambo hilo. Woodland alikuwa amejifunza alama za simu ya Morse alipokuwa skauti. Siku moja, ameketi ufukweni Miami, alichora nukta na vistari mchangani, akavivuta kwa vidole viwe mistari mirefu. Haki ya uvumbuzi wao ilitolewa mwaka 1952, lakini vyombo vya kuisoma alama hiyo kwa bei nafuu havikuwapo bado.

Ilibidi kungoja zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa juu ya mashine ya kaunta na bei ikatokea: senti 67. Chingamu hiyo ndiyo inayokumbukwa kuwa bidhaa ya kwanza ya dukani kuuzwa kwa alama ile ya mistari tunayoijua leo.

Akina mama wa Marekani hawakuipokea kwa vigelegele. Hadi wakati huo kila kopo lilibandikwa bei yake. Wenye maduka walipoona kuwa mashine yatosha, walitaka kuacha kubandika, na watetezi wa wanunuzi wakauliza swali ambalo tungeliuliza sisi: bei ikifichwa ndani ya kompyuta, mama atajuaje kama ametozwa sawa? Baadhi ya majimbo yalitunga sheria. Jimbo la Michigan, mwaka 1976, lililazimisha bei ibandikwe kwenye bidhaa zenyewe, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2011. Hata baada ya hapo, bei ikionyeshwa kwenye rafu inatosha, lakini mteja aliyetozwa zaidi na mashine ana haki ya kurudishiwa kilichozidi na kupewa fidia juu yake.

Je, hofu yao ilikuwa ya bure? Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilipima maduka mengi, ikakuta takriban bidhaa moja kati ya 21 ina kosa la bei kwenye kaunta. Walipopima tena mwaka 1998 ilikuwa moja kati ya 30. Na makosa hayo hayakuwa ya kumuumiza mnunuzi peke yake. Mengine yalimpunguzia bei, na hasara ikawa ya duka.

Hofu mbili za kuziweka kando

Kuna kina mama wanaotuuliza kama alama hii inabeba ile namba ya 666. Uvumi huo ulienea Marekani tangu miaka ya 1980 ukafika hadi kwetu. Ulitokana na mistari miwili miwili myembamba iliyo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa alama, ambayo hufanana kidogo na mistari ya tarakimu 6. Kazi yake ni kuionyesha mashine wapi alama inaanza, inagawanyika na inakoma. Haihesabiwi kuwa tarakimu. George Laurer, mhandisi wa IBM aliyeichora alama hiyo, alieleza kuwa kufanana huko kumetokea tu. Basi tusiogope pakiti ya chumvi.

Wengine husema kuwa tarakimu tatu za mwanzo zaonyesha bidhaa imetengenezwa wapi: 620 Tanzania, 616 Kenya. Hizo huonyesha tu kampuni ilijiandikisha katika nchi gani ili kupewa namba. Bidhaa yenyewe yaweza kuwa imetengenezwa kwingine kabisa. Ukitaka kujua ilikotoka, soma maandishi ya pakiti.

Mambo yanaelekea wapi?

Mashine za kaunta zinabadilika. Za zamani zilitumia mwanga wa leza na zilijua mistari tu. Nyingi za sasa hupiga picha kama kamera, hivyo husoma pia zile alama za mraba zenye vidoti, za aina iliyobuniwa Japani mwaka 1994. Shirika la GS1, linalosimamia namba hizi duniani, linakusudia kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kaunta za maduka ziweze kusoma aina zote mbili. Alama ya mraba huweza kubeba hata tarehe ya mwisho ya matumizi, na kompyuta ikiandaliwa hivyo, kaunta itakataa kuuza maziwa yaliyoharibika. Hilo tunalipokea kwa furaha.

Katika nchi nyingine wateja hupitisha bidhaa wenyewe bila keshia. Lakini si kila duka limeridhika nako. Mwaka 2023 maduka ya Booths huko Uingereza yalitangaza kuziondoa kaunta hizo karibu kote na kuwarudisha watu. Hata mashine ikiwa ya kisasa namna gani, bado kuna mtu aliyeandika bei, na bado anahitajika mtu wa kuiangalia.

Tufanye nini basi?

Tuandike bei ya rafuni pembeni ya kila kitu kwenye karatasi ya mahitaji. Bidhaa zinapopitishwa, tutazame kioo cha bei badala ya kutafuta simu mkobani. Tuombe risiti kila mara, na tuisome kabla ya kutoka mlangoni, maana hapo rafu iko karibu na ushahidi upo. Vitu vyenye punguzo tuviangalie mara mbili, kwa kuwa hapo ndipo karatasi na kompyuta hupishana kwa urahisi. Tukikuta kosa, tuseme kwa upole. Binti wa kaunta hakupanga bei, na kumfokea mbele za watu hakurudishi hata senti.

Na je, kosa likitupendelea sisi? Hapa ndipo penye mtihani, wapendwa. Tulipokuwa tukiisoma ile risiti kwa hasira, tuliona jambo jingine. Daftari zilikuwa kumi na mbili mezani, risiti ikasema kumi na moja. Tulinyamaza kidogo. Tulipokwenda kudai 2,200 zetu, tulisema na la daftari, tukalipa. Msimamizi alitutazama kwa mshangao, na nadhani ndiyo sababu hakubishana nasi. Maandiko yanayotukataza mizani ya hila hayakuandikwa kwa wenye maduka peke yao. Tukirudishiwa chenji iliyozidi tukanyamaza, jioni droo itapungua, na huenda yule binti atailipa kwa mshahara wake.

Siku hizi tukirudi kutoka dukani, mtoto wetu wa darasa la tano hupewa risiti na kalamu. Yeye husoma, sisi hutoa vitu kikapuni, naye huweka alama ya vema. Anajifunza hesabu, na anajifunza kwamba makosa huangaliwa pande zote mbili. Jaribuni nanyi majumbani mwenu. Mungu abariki kazi ya mikono yenu na kikapu chenu, hadi tutakapokutana tena mwezi ujao.