Baiskeli Ifakara: Nani Ameshushwa Barabarani?

Kuna hoja naisikia sana nyumbani Ifakara, na wanaoipenda zaidi ni wenye magari. Wanakwambia: nenda Kibaoni saa kumi na mbili asubuhi, baiskeli kibao. Wabeba mkaa, wauza samaki, wanafunzi, watu wanaopeleka mpunga mashineni. Kama madereva wakorofi wangekuwa wanatisha kiasi hicho, hawa wote si wangeshaacha?

Hoja ina mvuto, ila haifiki mbali. Bonde la Kilombero ni tambarare, baiskeli ndiyo gari letu tangu zamani, na wengi waliobaki juu yake hawana njia nyingine. Mbeba mkaa akipakia magunia yake kwenye boda, faida yote imekwisha kwenye nauli. Huyo ataendelea kupanda hata kama kila lori linamsukumia mtaroni. Kuendelea kwake hakutuambii kwamba barabara ni salama. Kunatuambia kwamba hana hela.

Kwa hiyo swali langu ni hili: nani ameacha?

Ninaowafahamu mimi ni wanawake kwanza. Mama yangu mdogo ana shamba la mpunga na kwa miaka alikuwa anakwenda kwa baiskeli yake, jembe limefungwa kwenye keria. Siku hizi anapanda boda, elfu tatu kwenda na kurudi. Msimu wa palizi anakwenda siku tano kwa wiki, hiyo ni elfu kumi na tano imetoka kabla hajavuna hata debe moja. Ukimuuliza kwa nini, hakwambii habari ya uzee wala uchovu. Anakwambia, "Zile Noah, mwanangu."

Wa pili ni wasichana wa sekondari. Shule ziko mbali, na baiskeli ingewafikisha kwa wakati na kuwaepusha na lifti za watu wasiowajua. Lakini mzazi akishasikia mtoto wa jirani kagongwa, anayenyang'anywa baiskeli kwanza ni binti. Kaka yake anaambiwa "kuwa makini". Binti anaambiwa atembee. Sasa hapo madereva wamemzuia mtu kupanda baiskeli au hawajamzuia? Wamemzuia, na hakuna atakayemhesabu, kwa sababu hajagongwa.

Wala sisemi hivi kwa kuwa nalilia vumbi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, wananchi waliidai kwa miaka, na walikuwa na haki ya kuidai. Mtoni pia, Daraja la Magufuli lilipochukua nafasi ya kivuko, watu wa Mahenge na Malinyi walipumua. Lakini tuseme ukweli. Zamani mashimo yenyewe ndiyo yalikuwa trafiki, dereva atake asitake alipunguza mwendo. Lami ilipokuja, mwendo ukaja nayo, na hakuna aliyekaa na wananchi kuwauliza baiskeli zitapita wapi. Hata penye bega la barabara, utakuta boda wamepaki, meza za matunda zimepangwa, lori bovu limelala siku ya pili. Mwenye baiskeli anarudi kwenye lami kupambana na semi na matrekta ya tela za miwa.

Tufanye hesabu ndogo. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Baiskeli yenye mzigo inakwenda kilomita 10 au 12 kwa saa. Dereva akitupia jicho simu kwa sekunde mbili tu, ameshapita mita 44 bila kuona kitu. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari kwa mbele, hatari ya kufa inaongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Mwenye baiskeli naye hana bati la kumkinga. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Mtaniambia: mbona sheria ipo? Nasoma sheria, kwa hiyo mniruhusu kidogo. Ni kweli ipo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Kifungu cha 51 kinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Kifungu cha 40 kinahusu anayesababisha kifo au majeraha kwa uendeshaji wa hatari. Halafu kuna Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayotaka kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu. Mwenye baiskeli, huyo mtu wa tatu ni wewe. Ukigongwa kwa uzembe wa dereva unaweza kudai fidia, na ukishinda kesi dhidi ya mtu mwenye bima, kampuni ya bima ina wajibu wa kulipa. Muda wa kufungua madai ni miaka 3.

Sasa tazama kinachotokea mtaani. Mtu anagongwa, dereva anaomba "tuyamalize". Wanakaa kwa mwenyekiti wa mtaa, inatoka hela ya dawa na hela ya rimu, wanapeana mikono. Hakuna taarifa polisi, hakuna aliyeandika namba ya gari wala namba ya bima. Baada ya miezi sita mguu haujapona, dereva hapatikani, na aliyegongwa hajui kwamba alikuwa na haki iliyokwisha kulipiwa. Ujinga huu wa haki ni mali kwa mtu fulani, na mtu huyo hayupo kwenye baiskeli.

Najua pia upande wa dereva. Anayeendesha Noah au boda ya mtu ana hesabu ya bosi kila jioni. Asipofikisha, kesho chombo kinapewa mwingine, na mkataba hana. Ukimpa mtu mashine yenye kasi, ukamwekea hesabu isiyojali foleni wala mvua, usishangae akiovateki kwenye kona. Ndiyo maana sikubali tukimaliza kila ajali kwa kusema "dereva mzembe". Mzembe ndiyo, na afikishwe mahakamani. Lakini bosi aliyempangia hesabu hiyo naye yumo, na serikali inayomwangalia bosi huyo imo. LATRA inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa mfumo wa VTS. Maana yake serikali ikiamua kuona mwendo, inauona. Kwa nini iishie kwa abiria wa basi na isimkumbuke mwenye baiskeli anayepitwa na basi hilo?

Kuna wanaosema wapanda baiskeli nao ni tatizo: hawana taa, hawana rifleta, wanakatiza ghafla. Baadhi ndiyo. Taa ziwepo, na vijana wetu wangeweza kabisa kuchangisha rifleta kata kwa kata. Lakini tusilinganishe makosa ya chombo cha kilo ishirini na makosa ya lori la tani thelathini. Mmoja akikosea anaumia yeye. Mwingine akikosea tunakwenda kuzika.

Na kabla ya kunyooshea wengine kidole, misafara ya siasa nayo. Boda mia moja, honi, tairi moja juu, upande wote wa barabara umechukuliwa, mama mwenye baiskeli kasukumwa nje ya lami. Vyama vyote vinafanya, na chama chetu kimo. Hatuwezi kumwomba mama huyo kura saa kumi jioni wakati saa tisa tumemtupa mtaroni.

Wapo watakaoona baiskeli ni jambo dogo kwa chama kinachodai katiba mpya na tume huru. Kawaulizeni Waholanzi, ambao leo kila mtu anawasifia kwa baiskeli. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani na kaulimbiu ya kukomesha mauaji ya watoto, wakazuia magari, wakaisumbua serikali mpaka njia za baiskeli zikajengwa. Ile ilikuwa siasa kamili. Na hapa kwetu Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga njia za miguu na matuta kuzunguka shule za msingi, na kazi hiyo ikatambuliwa kwa tuzo ya kimataifa. Kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani Tanzania.

Bonde hili linajua kupiga kura. Mwaka 2015 majimbo ya Kilombero na Mlimba yote mawili yalikwenda upinzani. Watu hao walikwenda vituoni kwa miguu na kwa baiskeli. Tunawadai kura kila uchaguzi, na wao wanatudai kitu.

Napendekeza tuanze na mambo haya. TANROADS iulizwe kwa barua, na barua hiyo tuichapishe, ina mpango gani wa njia ya baiskeli barabara kuu inapopita kwenye makazi, kuanzia Ruaha na Mang'ula hadi Ifakara mjini. TARURA iulizwe kuhusu mitaa inayoelekea shuleni: matuta, alama, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa mbele ya kila shule. Halmashauri ya Mji iwatafutie wenye meza na boda sehemu ya kukaa, isiwafukuze tu, ili bega la barabara lirudi kwa wenyewe. Polisi wapime mwendo kwenye makazi, wasiishie kukagua kizima moto. Na sisi vijana wa sheria tukae Jumamosi moja kwa mwezi kwenye ofisi za kata, tuwasaidie waliogongwa kuandika madai yao kabla miaka 3 haijapita.

Mikutano ya vijiji na mitaa ipo, na ni ya wananchi wote, haina kadi ya chama mlangoni. Nendeni mkalitaje jambo hili liandikwe kwenye muhtasari. Na mnapokwenda, mchukueni yule dada aliyeacha baiskeli yake ukutani. Yeye ndiye shahidi wetu wa kwanza, na mpaka leo hakuna aliyemwita.