Sifa Hazijengi Kiota

Wako watu ambao, kila wasikiapo habari za wanyama wasaidianao, hukimbilia kutoa mawaidha. Husema, "Mtazameni siafu! Mtazameni nyuki! Fanyeni kama wao." Mawaidha hayo si mabaya, walakini mara nyingi huishia katika kusifu tu, na sifa hazishibishi tumbo wala hazijengi kiota. Nataka, msomaji, umtazame pamoja nami ndege mmoja anayestahili zaidi ya sifa, kisha uamue mwenyewe kama wasemaji hao wamemtendea haki.

Ndege huyo ni kukuziwa wa Hawaii, visiwa vilivyo katika Bahari ya Pasifiki, ambavyo ni jimbo la Marekani tangu mwaka 1959. Ni ndege mweusi, na paji lake ni jekundu kama kaa la moto. Hadithi ya kale ya wenyeji husema kwamba yeye ndiye aliyewapatia wanadamu moto, na kwamba wekundu ule ni alama ya kuungua kwake. Binamu yake wa karibu tunaye hapa kwetu. Nenda Naivasha, utamwona akipita kandokando ya mafunjo.

Kukuziwa hujenga kiota katikati ya majani yaotayo majini, na mume na mke huatamia kwa zamu. Lakini kazi ya ulezi haiishii kwao wawili. Makinda wa uzazi wa kwanza, wakiisha kupata nguvu, hawaondoki upesi. Hukaa na wazazi wao, na uzazi wa pili ukija, kaka na dada hutafuta chakula wakawatia wadogo zao midomoni. Desturi hii yajulikana tangu zamani katika ukoo wa kukuziwa, na huko Hawaii imeonekana vile vile.

Hapo ndipo msemaji wetu husimama na kutamka, "Jifya moja haliinjiki chungu!" Naam, ni kweli. Lakini amesahau kuuliza swali moja: kwa nini kijana huyu hukaa nyumbani?

Wataalamu wa viumbe hutoa majibu mawili. La kwanza ni damu: mwenye kumlea ndugu yake huuendeleza ukoo wake mwenyewe. La pili ni nafasi: ndege asiye na mahali pa kujenga kwake hana budi kukaa kwa wazazi. Jibu hili la pili lilipimwa katika visiwa vya Ushelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Huko yuko ndege mwingine, mdogo, wa vichakani wala si wa majini, ambaye naye huwa na wasaidizi wa kulea. Mwaka 1968 walikuwa hawafiki 30, wote katika kisiwa kimoja, Cousin. Walipolindwa wakaongezeka hata kisiwa kikajaa. Mwaka 1988 mtaalamu Jan Komdeur na wenzake walihamisha ndege 29 wakawapeleka kisiwa cha Aride. Kulitokea nini? Nafasi zilizoachwa Cousin zilitwaliwa upesi na wale waliokuwa wasaidizi. Na kule Aride, kwenye nafasi tele, vijana walijenga vyao. Wasaidizi walionekana tena baada ya mahali pazuri kujaa. Ushirikiano wao ulikuwa wa kweli, lakini ndani yake mlikuwa na dhiki pia.

Sasa turudi Hawaii. Zamani kukuziwa huyu alikaa katika visiwa vitano. Leo amebaki katika viwili, Oahu na Kauai. Waikiki, mahali penye sifa kwa mahoteli yake, palikuwa mabwawa na mashamba ya maji, mpaka mfereji wa Ala Wai ulipochimbwa kati ya mwaka 1921 na 1928 na ardhi ikakaushwa. Mwaka 1883 wenye mashamba ya miwa walileta nguchiro ili wale panya, nao wakala mayai na makinda ya ndege. Kufikia mwaka 1967 serikali ya Marekani ilimwandika kukuziwa huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Basi kumsifu ndege kwa umoja wake na huku unamkaushia maji, ni sawa na kumsifu mtu kwa uvumilivu wake na huku umemkalia kifuani. Ulezi wa pamoja waweza kumwongezea kinda tonge. Hauwezi kuumba bwawa lililofukiwa.

Atatokea mtu aseme, "Watu wale nini? Bwawa ni ardhi ya bure." Namjibu kwa mfano wa Hanalei, katika kisiwa cha Kauai. Tangu mwaka 1972 bonde hilo ni hifadhi ya ndege wa majini, na ndani yake wakulima hulima nduma katika mashamba yaliyojaa maji. Mkulima huvuna, na kukuziwa hutaga kando yake. Maji ni yale yale. Anayesema ni lazima tuchague ama chakula ama ndege, hajafika kwenye shamba la nduma.

Na wewe, msomaji, usidhani maneno haya ni ya ndege peke yake. Wako kaka na dada katika vijiji vyetu wanaolea wadogo zao kwa moyo mweupe, nasi huwasifu mbele ya watu. Wengi wao wamebaki nyumbani kwa mapenzi. Lakini wengine wamebaki kwa kuwa hawana shamba wala kazi. Ni haki kuwasifu. Lakini sifa zikiisha, mtu na aulize: nafasi yao iko wapi, na ni nani aliyeichukua? Asiyethubutu kuuliza hivyo, heri asiwatolee wengine mawaidha ya umoja.