Usiniambie Bunduki Ilijifyatua, Niambie Triga Ilikuwa Gramu Ngapi

Wasee, leo tuongee kuhusu triga. Sio zile za simu zinazouzwa Luthuli ndio ushinde watu PUBG. Naongea kuhusu ile ya bunduki yenyewe, kale kachuma kadogo kanakokaa chini ya kidole. Najua wengi wenu mnadhani mnaijua. Mmecheza gemu miaka kumi, mnajua majina ya bunduki kuliko majina ya shangazi zenu. Lakini ukimuuliza msee triga inabeba uzito gani, anakuangalia ni kama umemuuliza bei ya mwezi.

Na huo uzito ndio stori yote. Ukiuelewa, kuna sentensi moja tunayoambiwa sana hapa Kenya ambayo hutawahi kuisikia vile ulikuwa unaisikia. Nitaifikia. Kwanza tupitie chuma.

Kila triga ina uzito wake, yaani nguvu ambayo kidole lazima kitumie ndio risasi itoke. Kuupima ni kitu rahisi mpaka inachekesha. Unahakikisha bunduki haina risasi, unaielekeza mdomo juu, unaning'iniza jiwe la mizani kwenye triga, kisha unainua bunduki polepole. Triga ikibeba lile jiwe bila kuachilia, imepita uzito huo. Kwenye mashindano ya kimataifa ya kulenga shabaha, refa hupima hivyo hivyo. Niliacha uni mwaka wa pili lakini hii ni fizikia ya fomu tu, haihitaji digrii.

Sasa kuna triga ya hatua moja na triga ya hatua mbili. Ya hatua moja ukiigusa uko kwa ukuta hapo hapo: unakaza, unakaza, pah. Ya hatua mbili inaanza na mwendo mlaini. Kidole kinarudi nyuma kikisukuma springi, hakuna kinachotokea, halafu ghafla unafika mahali pagumu. Hapo ndipo ukuta. Ukisimama hapo, bunduki haijafyatuka. Unaweza kupumua, ukaangalia tena kile unacholenga, ukaamua kuendelea au ukarudisha kidole mbele na maisha yakaendelea. Ukisukuma kidogo zaidi, risasi imeenda na hakuna kuirudisha.

Mfumo huu sio wa juzi. Mauser 98 ya Wajerumani ilikuwa nao. Lee-Enfield ya Waingereza, ile iliyobebwa na askari wa KAR hapa kwetu, ilikuwa nao. M1 Garand ya Wamarekani pia. Majeshi yaliyokuwa yanawapa bunduki vijana wa miaka kumi na tisa waliochoka, wanaoogopa, wenye baridi vidoleni, yaliona afadhali triga iwe na kituo katikati.

Ukiwa na PS5 unajua vile triga za padi zake hukaza katikati ya mwendo kwenye gemu zingine? Watu walishangaa sana 2020 ilipotoka. Ni wazo hilo hilo, tena limezidi umri wa babu yako.

Tuje kwa kurekebisha, maana hapa ndipo wasee wa video hupotosha watu. Kwenye bunduki ya shabaha yenye triga ya hatua mbili kwa kawaida kuna skrubu kadhaa. Moja inakaza springi ya hatua ya kwanza. Nyingine inaongeza au kupunguza uzito wa hatua ya pili. Nyingine inaamua yale meno mawili ya chuma ndani, yanayozuia nyundo au pini isiruke, yameumana kwa kina gani. Na kuna ya kusimamisha triga isiende mbali baada ya risasi kutoka.

Siri ya hatua mbili ni kwamba uzito unagawanywa. Tuseme sheria inataka gramu 1500. Unaweza kuweka gramu 1000 kwenye hatua ya kwanza na 500 kwenye ya pili. Ukishafika kwa ukuta, kidole tayari kimebeba zile 1000, kwa hivyo kilichobaki ni gramu 500 tu. Inahisi nyepesi, lakini jumla bado ni kilo moja na nusu. Ndio maana mafundi hupenda mfumo huu. Unapata usalama wa triga nzito na wepesi wa triga ya shabaha kwa wakati mmoja.

Shida inaanza msee akitaka wepesi wa haraka. Badala ya kucheza na springi, anapunguza yale meno. Triga inakuwa tamu, kweli, sababu meno yameshikana kwa ncha tu. Halafu siku moja bunduki inagongwa kwa meza, au bolti inafungwa kwa nguvu, na meno yanaachana bila kidole kugusa kitu. Hiyo sio triga nyepesi, hiyo ni ajali inayongoja siku. Na kwa vile hapa Kenya bunduki ni ya mwenye leseni peke yake, mwenye nayo ampelekee fundi aliyeruhusiwa, awache kujifunza kwa video ya dakika tatu.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Pakiti ya unga ni kilo mbili. Bastola ya upepo ya mita 10 kwenye Olimpiki lazima ibebe angalau gramu 500, yaani nusu kilo ya sukari. Bastola ya mita 25 ni gramu 1000. Bunduki za biathlon, ule mchezo wa kuteleza kwa theluji na kulenga shabaha, ni gramu 500. Bunduki ya upepo ya mita 10 haina kiwango cha chini kabisa, na wachezaji wengi huiweka chini ya gramu 100, sababu alama ya kumi pale ni kidoti cha nusu milimita.

Unamkumbuka yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, wa Olimpiki za 2024? Mkono mfukoni, miwani ya kawaida, tisheti, akachukua medali ya fedha na mwenzake kwenye bastola ya upepo ya timu mseto. Intaneti nzima ilimfanya mimu. Kitu ambacho mimu haikusema ni kwamba triga yake ilibidi ibebe zile gramu 500 sawa na ya wale waliojaa vifaa usoni. Hakuna mtu aliyepewa triga rahisi kuliko mwenzake. Tofauti ilikuwa kwa mtu.

Na Kim Yeji wa Korea Kusini, yule dada mliyesema anafanana na jasusi wa filamu? Kwenye bastola ya mita 25 alichelewa. Muda wa sekunde tatu ukaisha kabla hajaachilia, akapewa sufuri kwa risasi hiyo, akakosa fainali. Iliuma. Lakini angalia hasara yenyewe: pointi. Risasi iliyochelewa ilimgharimu pointi na hakuna mtu alienda hospitali. Shikilia hiyo, tutairudia.

Kuna watu husikia haya wakasema, basi dawa ni kufanya triga ziwe nzito, ndio polisi wasipige watu ovyo. Wazo linaeleweka, na limeshajaribiwa. Polisi wa jiji la New York walipohamia bastola za kisasa miaka ya 1990, waliwekewa triga ya ratili 12, karibu kilo tano na nusu. Hizo ni pakiti mbili na nusu za unga na zaidi kidogo. Glock ya kawaida ni kama kilo mbili na nusu tu. Wazo lilikuwa kwamba uzito utazuia kidole chenye haraka.

Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili wa jiji hilo walikabiliana na mtu aliyekuwa ametoka kuua. Walifyatua risasi 16. Mtuhumiwa alikufa, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi za polisi na vipande vyake. Wakosoaji walisema wazi kwamba triga nzito inavuta bastola nzima pembeni na kuharibu shabaha. Kufikia 2021 makurutu wapya wa idara hiyo wakaanza kupewa triga nyepesi.

Kwa hivyo siwezi kukuambia ongeza springi na maisha yataokoka. Mtu akishtuka, mkono wake wote hukaza, na kidole kikiwa tayari kwa triga, kilo mbili si kitu. Ndio maana walimu wa bunduki wana sheria moja ya msingi: kidole kinakaa nje ya triga mpaka uwe umeamua kufyatua. Springi haiwezi kukufanyia huo uamuzi.

Sasa tufike nyumbani.

Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwa roshani ya kwao hapa Nairobi. Juni 2025, muuzaji wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa katikati ya jiji wakati wa maandamano, kamera zikiwa zinaangalia. Kati ya hizo mbili kuna zingine nyingi, na wewe unajua ya mtaa wenu. Na mara ngapi maelezo ya kwanza huwa ni ile ile? Risasi ilipotea. Bunduki ilijifyatua.

Sikiza Kiswahili chenyewe. Ilijifyatua. Kitenzi kimejirudia, mtu ametoka kwa sentensi. Bunduki imeamka asubuhi, ikanywa chai, ikajifyatua. Hakuna kidole, hakuna ukuta, hakuna ule mwendo wa kwanza ambao chuma chenyewe kinakupa uwache.

Najua mwenye kubisha atasema nini, na ana haki. Bunduki kweli huharibika. Aprili 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliita tena bunduki zenye triga ya X-Mark Pro, sababu gundi iliyozidi kiwandani ingeweza kuzifanya zifyatuke bila kukusudia. Meno huisha. Springi huchoka. Vumbi huingia. Bunduki za serikali hupita mikono mingi, na mwenye kuibeba leo si lazima ndiye aliyeiharibu jana. Sisemi kila karao anayesema ilijifyatua anadanganya.

Ninachosema ni kwamba hili swali lina jibu, na jibu liko kwa gramu. Bunduki ikidaiwa kujifyatua, ichukuliwe, ipimwe. Triga inabeba uzito gani? Meno yameumana sawa? Ikigongwa kwa pembeni, inaachilia? Wataalamu wa silaha wanajua kufanya hivi, ni kazi yao ya kila siku. Ikitoka kwamba triga ilikuwa ikiachilia kwa mguso, basi tuna kesi ya ghala la silaha: nani alitoa bunduki mbovu, nani aliikagua mara ya mwisho, bunduki ngapi zingine ziko hivyo barabarani saa hii. Ikitoka kwamba triga ni nzima na inahitaji kilo kadhaa, basi hizo kilo zilitoka kwa kidole cha mtu, na huyo mtu atuambie kidole kilikuwa kinafanya nini pale.

Majibu yote mawili yanasaidia. Hata karao mwaminifu aliyepewa bunduki mbovu, kipimo ndicho kitamtetea. Anayeogopa mizani ni nani basi?

Na sheria iko. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema bunduki itumike tu pale njia nyepesi hazitoshi, kwa mambo kama kuokoa maisha au kujikinga na hatari iliyo karibu. Linataka afisa ajitambulishe na aonye kwanza, isipokuwa kuonya kutahatarisha maisha. Mtu akiuawa au akiumizwa vibaya, IPOA iambiwe. Ukiangalia vizuri, hiyo sheria imeandikwa kama triga ya hatua mbili. Kuna mwendo wa kwanza: angalia, jitambulishe, onya. Halafu kuna ukuta. Na kuvuka ukuta ni kitu unachojibia.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na linaweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa ripoti. Kila mara mtu akipigwa risasi na tukaambiwa ilikuwa bahati mbaya, uzito wa triga ya bunduki hiyo upimwe na utangazwe, pamoja na hali ya meno yake. Mimi sijawahi kuisikia hiyo namba kwa habari za saa moja. Naskia rambirambi, naskia uchunguzi umeanza, halafu naskia kimya.

Na wewe unayesoma hii, una kazi pia. Mara nyingine mtu akiandika kwa mtandao kwamba risasi ilijifyatua, usimtukane, usianze vita ya emoji. Muulize swali moja tu: gramu ngapi? Wakianza kuuliza watu mia, elfu, kuna siku mwandishi wa habari ataliuliza kwa mkutano, na kuna mtu mwenye nyota begani atalazimika kulijibu.

Kim Yeji alichelewa akapoteza pointi. Hiyo ndiyo bei ya kusimama kwa ukuta. Bei ya kuuvuka vibaya sisi tunaijua, na huwa hailipwi na mwenye bunduki.