Hazina za sanaa majumbani: Nani anashika ufunguo?

MKAZI wa Mjimwema mjini Njombe akitaka kuona kumbukumbu na kazi za sanaa zilizohifadhiwa katika makumbusho ya umma, hana budi kupanda basi. Akielekea kaskazini atafika Iringa, ambako Boma la zama za Wajerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na karibu na hapo Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Akielekea kusini atafika Songea, kwenye Makumbusho ya Vita vya Majimaji. Upande wowote atakaochagua, safari ni ya zaidi ya kilomita 200.

Njombe ulipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, na pamoja na hadhi hiyo zikaja ofisi, benki na barabara za lami. Ni rahisi kudhani kwamba kinachosubiriwa sasa ni serikali kujenga jumba la makumbusho. Historia ya makumbusho mengi, ya Afrika Mashariki na ya mbali, inaonyesha kwamba jengo huja baadaye. Mwanzo huwa ni mtu mmoja aliyekusanya vitu nyumbani kwake, na swali gumu ni namna vitu hivyo vinavyotoka katika mikono yake na kufika kwa wananchi.

Makumbusho ya Uingereza mjini London yalianza hivyo. Daktari Hans Sloane alipofariki dunia mwaka 1753 aliacha vitu takriban 71,000. Wosia wake ulilitaka taifa lilipe pauni 20,000 kwa warithi wake ili lipewe mkusanyo wote. Bunge lilikubali, likatunga sheria, likaanzisha bahati nasibu kutafuta fedha, na mwaka 1759 milango ikafunguliwa kwa umma.

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio wazi zaidi ni wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Murumbi, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmasai, alizaliwa mwaka 1911. Akiwa uhamishoni London katika miaka ya 1950 alianza kununua vitabu na nyaraka kuhusu Afrika, na aliendelea na kazi hiyo alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Aliacha umakamu wa Rais mwaka 1966 baada ya miezi michache tu madarakani. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage mjini Nairobi, duka na ukumbi wa sanaa uliopata sifa barani kote.

Kufikia miaka ya 1970 nyumba yake ya Muthaiga ilikuwa na vitabu zaidi ya 8,000, maelfu ya nyaraka, vinyago, nguo, vito na stempu za posta kutoka pande zote za Afrika. Wanunuzi wa nje walimfuata. Murumbi aliamua kuiuzia Serikali ya Kenya ili mkusanyo ubaki nchini ukiwa mzima, kwa matarajio kwamba nyumba yake ingegeuzwa kuwa taasisi ya taaluma za Afrika.

Matarajio hayo hayakutimia. Taasisi haikuanzishwa na nyumba ya Muthaiga ilibomolewa. Vitabu na kazi za sanaa zilikwenda kwenye Nyaraka za Taifa, katikati ya Nairobi, na kwa miaka mingi zilipata uangalizi mdogo kuliko alivyotumaini mwenyewe. Murumbi alifariki dunia mwaka 1990, na mkewe Sheila akafuata mwaka 2000.

Mabadiliko yalikuja pale kundi la watu walipochukua jukumu hilo kwa jina na kwa maandishi. Uliundwa mfuko wa wadhamini wenye jina la Murumbi, Donovan akiwa mstari wa mbele. Mkusanyo ulioko Nyaraka za Taifa ulipangwa upya katika ukumbi wa maonyesho. Vitu vilivyobaki mikononi mwa Murumbi na mkewe viliwekwa kwenye Nairobi Gallery, jengo la serikali la mwaka 1913 ambalo zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa jimbo. Leo yeyote mwenye kiingilio anaweza kuviona.

Kisa hicho kina mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba Murumbi hakukosea kuuza kwa taifa. Bila hivyo mkusanyo ungetawanyika katika minada ya Ulaya na Marekani. La pili ni kwamba nia njema ya mwenye mali na ahadi ya serikali havitoshi. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni sharti lenye nguvu ya kisheria, bajeti ya kila mwaka, na mtu wa kuulizwa pale ahadi inapovunjwa.

Tanzania ina mfano wake huko Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya vitu vya Wasukuma katika miaka ya 1950 na 1960, na mkusanyo huo ukawa Makumbusho ya Wasukuma chini ya kanisa. Serikali haikununua chochote. Mkusanyo ulipata makao kwa sababu ulipata taasisi iliyodumu kuliko mtu aliyeuanzisha.

Upande wa sanaa ya kisasa hali ni tofauti. George Lilanga, msanii wa Kimakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam na kufariki dunia mwaka 2005, ana kazi katika mkusanyo wa tajiri Jean Pigozzi, wenye makao yake Geneva. Mwaka 2019 Pigozzi aliipa makumbusho ya MoMA ya New York kazi 45 za wasanii wa Afrika. Hicho ni kitendo cha ukarimu, na ni halali. Lakini umma uliofunguliwa mlango ni ule wa New York, na mwanafunzi wa Njombe hakuongezewa chochote.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Hata hivyo, shabaha yake ni mambo ya kale. Mchoro wa msanii wa leo huondoka kihalali ukiwa na risiti ya dukani.

Njia zilizo wazi kwa mwenye mkusanyo ni chache na zinajulikana: kuuza kwa taifa, kutoa zawadi yenye masharti, kuazimisha kwa muda maalumu, au kuweka chini ya wadhamini. Hii ya mwisho si ngeni kwa Waswahili. Pwani na Zanzibar watu wamekuwa wakiweka wakfu nyumba na mashamba kwa karne nyingi: mali haiuzwi, hairithiwi, na faida yake ni ya waliotajwa. Hakuna sababu ya msingi inayozuia fikra hiyo kutumika kwa vinyago na michoro.

Kwa Njombe jambo hili si la anasa. Mkoa una misheni kongwe kama Kidugala, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, na familia ambazo wazee wake huenda wanatunza viti, mikuki, picha na barua. Mzee akifa bila orodha, warithi hugawana, na mnunuzi wa kwanza kufika ndiye anayeamua hatima ya vitu.

Hatua ya kwanza haihitaji jumba wala mfadhili. Inahitaji daftari: kitu gani, cha nani, kimetoka wapi, na mwenyewe anataka kiende wapi atakapokuwa hayupo. Halmashauri ya mji inaweza kuanza na chumba kimoja chenye kufuli imara na vitu vya kuazima kwa mkataba wa maandishi. Murumbi alikuwa na vitu vingi na marafiki wakubwa, na bado nusu ya ndoto yake ilipotea. Wenye vitu vichache, wasio na marafiki hao, wana sababu kubwa zaidi ya kuandika mapema.