Namba ya Akaunti Ithibitishwe Kabla ya Arubuni ya Nyumba Kutumwa

Katika familia nyingi za askari na polisi yuko kijana aliyekwenda Uingereza kusoma au kufanya kazi, akajaliwa kazi nzuri na jamaa, na sasa anataka kununua nyumba. Hapo ndipo mzee aliyestaafu huombwa aongeze chochote katika akiba ya mwanawe. Fedha za kiinua mgongo, zilizopatikana kwa miaka mingi ya lindo na gwaride, huungana na mshahara wa ugenini, na zote huelekea mahali pamoja: akaunti ya mwanasheria. Yafaa kila mwenye sehemu katika fedha hizo aelewe zinavyosafiri, kwa kuwa zaweza kupotea zote kwa dakika moja, na wizi unaozipoteza huzuilika aghalabu kwa simu moja tu.

Utaratibu wa Uingereza na Wales ni huu. Mnunuzi hamlipi mwenye nyumba mkono kwa mkono, bali kila upande huwa na mwanasheria wake. Siku ya kubadilishana mikataba mnunuzi hutoa arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei. Nyumba ya pauni 250,000, kwa mfano, itadai arubuni ya pauni 25,000. Kabla ya siku hiyo kila upande waweza kujitoa; baada yake, mnunuzi anayeghairi aweza kuipoteza arubuni yake. Fedha hizo hupelekwa kwenye akaunti ya wateja ya ofisi ya mwanasheria, ambayo kwa kanuni lazima itengwe na fedha za ofisi yenyewe. Hatari kubwa, basi, imo njiani, kabla fedha hazijafika huko.

Mwizi wa siku hizi hana haja ya kuvunja dirisha. Huingia kwa siri katika barua pepe za mwanasheria, za dalali wa nyumba, au za mnunuzi mwenyewe, akakaa kimya akizisoma. Hujua jina la mtaa, bei, na siku ya malipo. Siku ikikaribia, hutuma barua yenye nembo ya ofisi na jina la mwanasheria, ikieleza kwamba akaunti ya zamani inakaguliwa, hivyo fedha zitumwe kwenye akaunti mpya. Mara nyingi huchagua Ijumaa alasiri, maana ndiyo siku ambayo nyumba nyingi hukabidhiwa, na ofisi zikishafungwa udanganyifu hautagunduliwa hadi Jumatatu. Ndiyo sababu Waingereza wameuita uhalifu huu "wizi wa Ijumaa alasiri". Kufikia Jumatatu fedha zimekwisha kugawanywa katika akaunti nyingine nyingi na kutolewa.

Askari anayelinda lango ataielewa upesi dawa ya jambo hili. Mtu akija usiku amevaa sare kamili, mlinzi hamfungulii kwa ajili ya sare. Humwuliza neno la siri, ambalo wote wawili walipewa mapema na mkubwa wao. Nembo, sahihi na maneno ya heshima katika barua ni sare tu, na sare yaweza kuibwa.

Kwa hiyo mnunuzi na afanye hivi. Siku ya kwanza anapokwenda kwa mwanasheria, aandike katika karatasi namba ya simu ya ofisi na namba za akaunti ya wateja, kisha aitunze karatasi hiyo. Akiwa mbali, aitafute namba ya simu katika orodha rasmi ya wanasheria, iliyo wazi kwa watu wote. Kabla ya kulipa, apige yeye mwenyewe simu hiyo, wala asitumie namba iliyoandikwa katika barua ya malipo. Asitosheke na simu anayopigiwa, kwa maana siku hizi hata sauti ya mtu huigwa kwa mitambo. Wasomeane namba za akaunti tarakimu moja moja: 6 za tawi la benki na 8 za akaunti. Barua yoyote inayobadilisha akaunti ihesabiwe kuwa ya mwizi hadi mwanasheria mwenyewe atakapokanusha kwa simu.

Hatua ya pili ni jina. Hadi mwaka 2020 benki za huko zilifuata namba peke yake. Mteja aliweza kuandika jina la mwanasheria, na fedha zikaingia kwa mwizi bila swali. Tangu mwaka huo benki kubwa zilianza kulinganisha jina na namba kabla ya malipo. Benki ikisema jina halilingani, mnunuzi asimame hapo hapo na kupiga simu tena.

Hatua ya tatu ni kutuma kwanza pauni 1, kisha kumwuliza mwanasheria kwa simu kama imefika, ndipo zilizosalia zitumwe. Tena mnunuzi aiulize benki yake mapema kiasi inachoruhusu kutumwa kwa siku moja. Asiyeuliza hujikuta akihangaika siku ya mwisho, na haraka ndiyo rafiki mkubwa wa mwizi.

Mzazi aliyeko Kampala au Gulu analo fungu lake pia. Ni salama zaidi fedha zake zifike kwanza katika akaunti ya mwanawe huko Uingereza, majuma kadhaa kabla ya siku ya malipo. Asikasirike mwanasheria akiuliza zimetoka wapi. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia fedha haramu zamlazimu kuuliza. Mzazi aweke tayari hati ya malipo ya uzeeni, taarifa ya benki, kitambulisho, na barua fupi inayosema kama fedha hizo ni zawadi au mkopo.

Kuna sababu nyingine ya kufuata njia hiyo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza hutakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa namna hii hadi pauni 85,000, na zaweza kukata pauni 100. Lakini kanuni hiyo yahusu malipo ya ndani ya Uingereza pekee. Fedha zilizotumwa moja kwa moja kutoka nchi nyingine hazimo. Hata kwa walio ndani, mtu aliyepuuza kabisa maonyo ya benki yake aweza kunyimwa, na aliyepoteza pauni 200,000 hana haki ya kudai zote chini ya kanuni hiyo.

Ikiwa fedha zimekwisha kwenda na shaka ikaingia baadaye, saa ndiyo kila kitu. Huko Uingereza mtu apige 159, namba fupi inayomwunganisha na benki yake, aombe malipo yafuatwe na kuzuiliwa. Kisha amwarifu mwanasheria na polisi. Asinyamaze kwa aibu hadi asubuhi, kwa kuwa kimya cha usiku mmoja chatosha kuyamaliza malimbikizo ya miaka 20.

Mzazi anayetoa akiba yake ana haki ya kumwuliza mwanawe swali moja kabla ya kuituma: "Je, umeithibitisha namba hiyo kwa mdomo wa mwanasheria mwenyewe?" Kijana mwenye busara hatachukizwa na swali hilo.